Jinsi ya kuotesha eringo ya zambarau, ua la miiba la Texas

Kila mwaka ikifika Agosti, maswali huwa yale yale kutoka kwa watu wetu wa Afrika Mashariki wanaoishi Dallas, Fort Worth, Austin na miji ya jirani. Lile ua la zambarau lenye miiba linaloota kando ya barabara, kichwa chake mfano wa nanasi dogo, ni ua gani? Naweza kulipanda uani? Mbona nilipanda mbegu mwezi wa nne na hakuna kilichoota? Nimeandika mwongozo huu ili majibu yakae mahali pamoja.

Ua hilo linaitwa eringo. Jina lake la kitaalamu ni Eryngium leavenworthii, na limetokana na Melines Leavenworth, daktari wa jeshi la Marekani wa karne ya 19 ambaye pia alikuwa mtaalamu wa mimea. Ni mmea wa asili wa katikati ya Marekani: Texas, Oklahoma, Kansas na majirani zao. Kwa ile miiba wengi hudhani ni jamaa ya mbaruti, kumbe ni ndugu wa karoti, giligilani na bizari nyembamba. Undugu huo usikushawishi ukalitia kwenye sufuria. Ukoo huo una mimea yenye sumu kali ndani yake, na eringo ni ya kutazamwa na kulisha nyuki.

Jambo la kushika kabla ya yote ni kwamba huu ni mmea wa mwaka mmoja. Huota, huchanua, huzaa mbegu, hufa. Usitarajie shina lile lile lirudi mwaka unaofuata. Watakaorudi ni watoto wake, na watarudi tu kama uliwaachia nafasi. Jambo la pili ni kwamba wengi wanaoshindwa na eringo hushindwa kwa kuihudumia mno. Wanamwagilia, wanatia mbolea, wanaihamisha, wanaipalilia. Sehemu kubwa ya kazi hapa ni kujizuia.

Na inafaa kuhangaika nayo. Sehemu kubwa ya zile mbuga za udongo mweusi zilizotoka karibu na San Antonio kuelekea kaskazini hadi kupita Dallas imelimwa na kujengwa. Kilichobaki katika hali yake ya asili hakifiki asilimia 1. Eringo huchanua Agosti na Septemba, wakati jua limeshakausha karibu kila kitu kingine, na nyuki hawana pengine pa kwenda. Vipepeo wa monaki nao hupita Texas Septemba na Oktoba wakielekea Meksiko, nao wanahitaji kunywa njiani. Kipande cha mita mbili kwa mbili mbele ya nyumba si kidogo kwao.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mahali penye jua la moja kwa moja saa 6 hadi 8 kwa siku, mbali na njia wanayopita watoto.
- Mbegu zenye jina kamili, Eryngium leavenworthii, kwenye pakiti.
- Glovu za ngozi, ndefu kama zitapatikana. Za kitambaa hazifai, miiba hupenya.
- Reki, jembe dogo, mkasi wa bustani.
- Plastiki ya kuonyesha, si nyeusi, ya kutosha kufunika eneo lote, kama pana majani.
- Vijiti na kamba za kuwekea alama.
- Chungu kimoja kirefu cha maua. Kazi yake nitaieleza kwenye hatua ya 4.

Mbolea haimo kwenye orodha kwa makusudi, na mboji pia. Udongo wa kawaida unatosha, na ukiwa mbaya kidogo ni vizuri zaidi. Eringo imezoea udongo wenye chokaa na ule mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kunata kwenye viatu mvua ikinyesha. Aliyewahi kulima Athi River au kwenye mbuga za Shinyanga anaujua udongo wa aina hiyo. Asichokipenda mmea huu ni maji yaliyotuama kwa siku nyingi. Baada ya mvua kubwa, kaangalie: kama dimbwi bado lipo kesho yake jioni, tafuta mahali pengine.

Hatua kwa hatua

1. Ondoa ukoka kwanza.

Hapa ndipo bustani nyingi hufia. Yale majani ya zulia yaliyotandazwa mbele ya nyumba nyingi za Texas ni ukoka, ule ule wa nyumbani tunaolisha ng'ombe na sungura. Huku wanauita bermuda. Ukoka hutambaa juu na chini ya ardhi, na mche mdogo wa eringo hauwezi kushindana nao. Ukilima tu na kupanda, umeukatakata ukoka vipande, na kila kipande kitachipua.

Njia ninayoipendekeza ni kuuunguza kwa jua. Katikati ya Juni au Julai, kata majani yawe mafupi kabisa, mwagilia mpaka udongo ulowe, kisha tandaza plastiki ya kuonyesha na ufukie kingo zake zote kwa udongo ili hewa isipite. Iache wiki 6 hadi 8 katika joto kali. Plastiki nyeusi haipashi udongo joto vizuri kama hiyo. Wengi huitoa mapema kwa sababu baada ya wiki mbili majani yameshakuwa ya kahawia juu, na hapo wamepoteza kazi yote, maana mizizi iko hai chini. Ukishaitoa, usilime kwa kina. Kwaruza juu tu kwa reki. Ukichimbua, unaleta juu mbegu za magugu zilizokuwa zimelala chini.

Kama umechelewa na Julai imepita, chimbua eneo dogo kwa mkono na uokote kila mzizi mweupe unaouona. Inachosha, kwa hiyo anza na eneo unaloweza kulimaliza.

2. Nunua mbegu sahihi.

Eringo zipo za aina nyingi duniani. Zinazouzwa sana madukani ni za Ulaya, za rangi ya buluu, zinazoishi miaka mingi. Ni nzuri, ila si hii, na mwongozo huu hauzihusu. Soma jina lote kwenye pakiti, kwani neno Eryngium peke yake halitoshi. Tafuta wauzaji wa mbegu za mimea ya asili ya Texas.

Usichume mbegu kando ya barabara kuu. Ni hatari kusimama pale, na ardhi nyingine unayoiona wazi ni mali ya mtu. Kwenye hifadhi za jimbo kuchuma mimea hakuruhusiwi. Ukimjua mwenye shamba, muombe ruhusa. Wengi hufurahi kwamba kuna mtu anayelitaka.

3. Panda kati ya Oktoba na Desemba.

Hili ndilo jibu la swali la mbegu za mwezi wa nne. Mbegu za eringo zimelala, na zinaamshwa na majuma kadhaa ya baridi pamoja na unyevu. Ukizipanda wakati joto limeshaingia, zitakaa tu ardhini. Sisi tumezoea kupanda mvua zinapoanza na kuona mche ndani ya wiki moja. Hapa unapanda wakati kila kitu kinakauka, na unangoja miezi.

Kwaruza udongo kwa reki. Gawa eneo kwa kamba na vijiti katika miraba ya sentimita 30, na katikati ya kila mraba weka mbegu 4 au 5. Zibonyeze kwa kiganja au kwa kuzikanyaga taratibu ili zigusane na udongo, kisha nyunyiza udongo kiasi cha kuzificha tu. Kosa la kawaida ni kuzifukia kama mahindi. Mwagilia mara moja kwa maji mepesi, halafu iachie mvua ya msimu wa baridi kazi iliyobaki. Ikipita zaidi ya wiki tatu bila tone, ongeza maji kidogo.

Kabla ya kupiga goti, angalia kama hapo hakuna kichuguu cha sisimizi wa moto. Anayekaa Texas hahitaji kuelezwa zaidi.

4. Panda chache kwenye chungu kirefu.

Tia udongo ule ule wa uani, weka mbegu 5, na ukiache chungu nje kipindi chote cha baridi. Hiki ni kitabu chako cha picha. Mimea itakapoanza kutokeza bustanini, utakuwa na sampuli ya kulinganisha, na hutang'oa eringo ukidhani ni gugu. Kwa anayeanza, hatua hii inaokoa bustani nzima.

5. Kama Desemba imekupita, tumia friji.

Changanya mbegu na mchanga uliolowa, usiochuruzika maji, ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu. Andika tarehe. Weka kwenye friji ya kawaida, isiwe friza, kwa mwezi mmoja au zaidi. Fungua mara moja kwa wiki uone kama kuna ukungu. Kisha zipande mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi kama ilivyoelezwa hapo juu. Zitaota, ila uotaji wa namna hii mara nyingi huwa hafifu kuliko wa zile zilizolala nje, kwa hiyo ongeza mbegu kwenye kila mraba.

6. Tambua miche, kisha ipunguze.

Miche huonekana kuanzia mwisho wa baridi hadi Aprili, si yote siku moja. Majani ya chini ni marefu, membamba kuelekea shinani, yenye meno madogo pembeni. Hayafanani kabisa na yale ya juu yatakayokuja baadaye, ambayo yamechanika kama vidole na kukumbatia shina. Linganisha na chungu chako.

Miche ikifika urefu wa kidole, bakiza mmoja au miwili kwenye kila mraba. Ile ya ziada kata kwa mkasi usawa wa ardhi. Ukiing'oa utatikisa mizizi ya jirani. Na usiihamishe. Eringo hushusha mzizi mkuu chini moja kwa moja kama karoti, na ukikatika mmea hudumaa au hufa. Hii ndiyo sababu siwashauri watu waoteshe kwenye vikopo vifupi ili wahamishie baadaye.

7. Kuanzia Mei, tulia.

Palilia ukoka na magugu mengine yanayokaribia shina, kwa mkono. Maji yanahitajika tu kama mvua imekosekana wiki kadhaa na majani yameanza kunyauka hata asubuhi. Kunyauka mchana wa saa tisa kwenye joto la nyuzi 38 si ugonjwa. Jioni utayakuta yamesimama. Zingatia pia mashine za kumwagilia zinazojiwasha zenyewe: kama bomba la majani ya zulia linafika kwenye eringo, lielekeze kwingine.

Kipindi hiki mmea ni wa kijani mtupu, una miiba, na hauna uzuri wowote. Juni ndio mwezi ambao jirani atakuuliza kwa nini unafuga magugu, na fundi wa kukata majani ataufyeka usipomwambia mapema. Weka kibao au uzio mfupi wa kamba.

8. Subiri rangi.

Mwishoni mwa Julai hadi Agosti vichwa hujitokeza, na zambarau huanza kuingia. Haiishii kwenye ua: hushuka mpaka kwenye majani ya juu na shina lenyewe, hadi mmea mzima unakuwa kama umechovywa kwenye rangi. Juu ya kila kichwa hutoka kishungi cha vijani vyenye ncha kali, na hicho ndicho kinachokifanya kifanane na nanasi. Ukitazama karibu utaona vijinyuzi vya buluu vya chavua vikichomoza kwenye kichwa. Mmea huwa na urefu wa nusu mita hadi mita moja.

Hapo ndipo unaweza pia kuhakikisha kwamba huna mbigili ya kigeni. Mbigili zina kichwa chenye manyoya laini ambayo baadaye hupeperuka na upepo, na nyingi huchanua mapema, kuanzia Aprili. Eringo haina manyoya ya kupeperuka.

9. Kata za kukausha kwa wakati.

Maua haya hukauka vizuri kuliko mengi ninayoyajua na rangi hukaa muda mrefu, lakini lazima yakatwe zambarau ikiwa imekolea. Ukingoja mpaka mwisho wa Oktoba utakausha kitu cha kahawia. Kata asubuhi baada ya umande kukauka, ukiwa umevaa glovu. Funga mashina 5 au 6 pamoja, yaning'inize kichwa chini mahali pakavu, penye giza na hewa, wiki mbili hadi tatu. Jua hufifisha rangi, kwa hiyo usiyaanike dirishani.

Usikate zaidi ya theluthi. Zilizobaki ndizo mbegu zako za mwaka ujao, na mpaka hapo nyuki hawajamaliza.

10. Acha mmea ufe ukiwa umesimama.

Mashina makavu yataonekana machafu Novemba yote. Yaache. Mbegu zinadondoka kidogo kidogo. Mwishoni mwa Desemba au Januari yakate, ukibakiza kisiki cha sentimita 15 hivi, na uyakung'ute papo hapo kabla ya kuyatupa. Kama unataka kuhifadhi mbegu, chuma vichwa vilivyokauka kabisa, viweke siku chache ndani ya mfuko wa karatasi, kisha uviponde kwa mguu wenye kiatu kigumu. Hifadhi kwenye bahasha, mahali pakavu. Mfuko wa plastiki huzitia ukungu.

Kuhusu jumuiya za wenye nyumba

Kama mtaa wako una HOA, yaani jumuiya ya wenye nyumba, usipande kwanza ukaomba baadaye. Sheria ya Texas iliyorekebishwa mwaka 2013 inaizuia jumuiya kukukataza bustani ya mimea inayostahimili ukame, ila inairuhusu kudai uwasilishe mchoro wa bustani uidhinishwe. Chora, taja majina ya mimea kwa kitaalamu, onyesha kingo za mawe, na uiwasilishe kwa maandishi. Mtaa usio na HOA nao unaweza kuwa chini ya sheria ya mji ya urefu wa majani, na miji mingi inayo. Ukingo ulionyooka na kibao kidogo huonyesha kwamba mmea umepandwa kwa makusudi, na ukaguzi mwingi huishia hapo.

Mambo yakienda kombo

Hakuna kilichoota. Uliza mambo matatu. Ulipanda baada ya Februari bila friji? Ulifukia kwa kina? Na la tatu ambalo watu husahau: je, wewe au fundi wako mlimwaga dawa ya kuzuia magugu yasiote? Ile mbolea ya zulia inayouzwa ikiwa imechanganywa na dawa ya magugu haibagui mbegu. Ikishamwagwa, eringo haitaota hapo mpaka nguvu yake iishe, na hiyo ni miezi. Kama tatizo ni wakati tu, usichimbue: mbegu nyingine zinaweza kungoja baridi ya mwaka unaofuata.

Iliota ikatoweka usiku. Konokono. Kagua kwa tochi baada ya saa mbili usiku, uwaokote kwa mkono. Miche ikishapata miiba migumu wanaiacha, na paa wanaozurura vitongojini nao huipita.

Imekuwa ndefu na kuanguka. Maji mengi, mbolea, au kivuli. Ifunge kwenye kijiti mwaka huu, na mwakani rekebisha chanzo. Ikisongamana kidogo na majani ya asili mafupi, hutegemeana na kusimama vizuri.

Ni Agosti na bado ni kijani. Kama ni mwanzo wa mwezi, ngoja. Kama Septemba imefika na zambarau haijakolea, jua halitoshi. Hesabu saa za jua mwezi huo, usitegemee ulichokiona Machi kabla miti haijaota majani.

Majani ya chini yamekauka. Mmea ukishachanua hilo ni la kawaida. Kama ni Mei na shina nalo limelainika usawa wa ardhi, mzizi umeoza kwa maji. Hauponi, ung'oe, na uache kumwagilia iliyobaki.

Mwaka wa kwanza ilipendeza, wa pili hakuna hata moja. Ama ulikata yote ya kukausha, ama ulitandaza matandazo mazito ya vipande vya mbao na mbegu hazikugusa udongo. Kwenye eneo la eringo acha udongo wazi kati ya mashina. Panda tena Oktoba, na safari hii weka mbegu za akiba kwenye bahasha.

Imezidi, inaota hadi kwenye zulia. Ing'oe ikiwa michanga baada ya mvua, kabla ya Mei. Baada ya hapo mzizi umeshika na miiba imekomaa.

Kubeba mbegu kwenda nyumbani

Naulizwa hili kila Novemba watu wanapofunga mizigo. Usibebe mbegu kwenye sanduku bila kibali, hata bahasha moja ya zawadi kwa mama. Mmea ulio wa asili hapa ni mgeni kule, na wenyewe tunaona ukoka unavyosumbua Texas. Kwa Kenya, wanaotoa vibali vya kuingiza mbegu ni KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea. Kwa Tanzania ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Unaweza pia kuhitaji cheti cha afya ya mmea kutoka Marekani. Maua yaliyokaushwa yakiwa na vichwa vyake yana mbegu ndani, kwa hiyo nayo yaulizie kwanza.